Mapigo Sitini na Sita

"Alhamisi, saa nane mchana, mapigo mia moja hamsini na mbili. Ulikuwa kitandani na nani?"

Mume wangu alisoma hivyo kwenye simu yake, sebuleni kwetu, mbele ya mama yake na dada yake...

Mimi nimekaa kwenye kochi, natazama maua ya pazia.

Jamani, ile saa ya mkononi alininunulia mwenyewe. "Najali afya yako, mke wangu." Kumbe kila mpigo wa moyo wangu unaingia kwenye simu yake, naye anausoma kama gazeti.

"Ijumaa, saa tisa, mia arobaini na tisa. Jumamosi mara tatu."

"Mara tatu?" mama mkwe akauliza. "Mchana huo huo?"

"Jumamosi nilikuwa na wateja," nikasema.

"Umemsikia, mama? Kasema mwenyewe."

Mnaonifuata humu mnajua mimi msusi. Saluni yangu haikauki watu, umbea wote unapikwa pale. Saa nane mchana nipo kwenye sinki, nasugua vichwa.

Wifi yangu ni nesi. Tangu kaka yake aanze kusoma, alikuwa kakaa pembeni yangu, kanishika mkono.

"Wifi, ukiosha wateja, hiyo saa unaivua?"

"Siivui."

"Hebu mpe kaka."

Nikaivua. Wifi akamvalisha kaka yake, akamtupia taulo. "Msugue mama kichwa kama unamwosha nywele. Kwa kasi."

Mama mkwe akavua kilemba, anaguna. Mume wangu akaanza kusugua. Wifi kamwekea kaka yake vidole viwili shingoni, macho kwenye saa ya ukutani.

Dakika moja.

"Shingoni, themanini na nane. Saa inasemaje?"

Akatazama.

"Mia... mia hamsini na moja."

"Mwanangu," mama akasema, nywele zimemsimama, "na wewe ulikuwa na nani?"

Wifi alicheka mpaka akashika kochi. "Kaka, hapo inahesabu mkono unavyotikisika. Na hiyo yako unayovaa gym, ukinyanyua vyuma umekaza ngumi, inaweza kukuandikia tisini wakati moyo unataka kutoka. Ndiyo maana unajiona simba. Mtu akiwa ametulia, hapo ndipo inapatia."

Mume wangu akapiga magoti. "Mke wangu, yaishe."

Nyumba ikachangamka. Mama akaagiza chai.

Wifi akachukua ile simu, akairudisha nyuma nusu saa. Wakati nasomewa mashtaka, saa ilikuwa bado mkononi mwangu. Mstari umelala. Sitini na sita.

Akaninong'oneza, "Nami nilikuhesabu kwa vidole, wifi. Sitini na sita."

Zamani nikisikia pikipiki yake tu, moyo ulinienda mbio. Leo kanivua nguo mbele ya mama yake, na moyo unakwenda kama wa mtu anayesubiri maji yachemke.

"Mnaona? Alitulia kwa sababu hana hatia," mume wangu akasema, anachungulia ile simu, anatabasamu.

Nikanywa chai yangu yote, nikaosha kikombe, nikapanga nguo kwenye begi.

Nawaandikia nikiwa saluni, kiti cha karibu na sinki. Kapiga simu mara kumi na moja.

Msije mkaniambia nina subira. Mwenzio akikuvunjia heshima mbele za watu na moyo wako usishtuke hata kidogo, usijisifu. Jihesabu mara mbili, kisha uyaamini majibu.

Simu inaita tena. Nimeweka vidole shingoni...

Sitini na sita.