Maziwa Kutoka Juu ya Mlima

Maziwa yalikuwa bado ya moto. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mpokea maziwa, maana kutoka juu mlimani, alikosema aliyeyaleta kuwa anatoka, hadi kituo cha maziwa ni mwendo wa asubuhi nzima. Lakini mafua yalikuwa yamemziba pua, foleni ndefu, wanavijiji wananung'unika. Basi yeye, aliyebandikwa jina Bibi Pua kwa kuwa hapokei kopo bila kulinusa, siku hiyo alipokea tu. Mama aliyeyaleta, aliyejitanda hadi machoni, alimimina akaondoka.

Akawa anakuja kila siku. Maziwa yake mazito Bibi Pua alimtengea mjukuu, kwani binti yake alijifungua matiti yakiwa makavu na kitoto kilikuwa kikififia mikononi mwao. Kikanawiri, mashavu tele. Mgeni njoo mwenyeji apone, bibi akasema, akaulamba upawa.

Mafua yakakatika. Akafunua kopo la yule mama, na harufu ikampiga usoni: usaha, kidonda kilichofungwa kitambaa kikaozea ndani. Loh! Alipochota, maziwa yalivutika kama kamasi, yakiwa na vigaga na vinywele vigumu. Alitapika palepale, akatapika tena alipoukumbuka ule upawa.

"Huyu mama ni wa kijiji gani?" akauliza.

Mzee mmoja kwenye foleni alishusha sauti. "Huko juu hakuna kijiji, dada. Kuna mapango tu."

Bibi Pua alikimbia nyumbani, na mganga akaitwa, akamnywesha mtoto dawa, na mtoto akajinyonganyonga, akakohoa, akatapika fundo la nywele, jeusi, limelowa, linalopanda na kushuka sakafuni kana kwamba linahema, na mganga akalitupa motoni huku amejiziba pua, na moshi wake ukanuka nyumba nzima hata binti akatoka nje kutapika. Mganga alisema yamekwisha. Lakini alinawa mikono mara nyingi mno.

Kesho yake Bibi Pua alienda kazini na mjukuu mgongoni, asimwache mbali na macho yake. Yule mama alikuja. Hakubeba kopo. Alisimama karibu, kifua cha kanga yake kimelowa manjano, akaanza kuifungua taratibu.

"Leo sikukamua," alisema. "Mlete anyonye mwenyewe."

Bibi alitaka kupiga kelele. Mgongoni mwake, mtoto alicheka, akanyoosha mikono.