Vidonge kwenye Chungu cha Mizimu

Kila siku akitoka shule, Faudhia alivua sare, akachukua ndoo na kufuata njia ya lambo. Kijiji chao cha Kwedigongo, upande wa Handeni unaoelekea Korogwe, hakikuwa na mchezo na maji. Mtu aliyekuoshea kikombe kabla ya kukupa chai alikuwa amekupenda sana. Kwa hiyo Faudhia, msichana wa miaka kumi na miwili, alizoea kunywa mafunda machache tu. Tena hakupenda choo cha shule, maana mlango wake ulining'inia kama jino bovu. Alijizuia tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani.

Kando ya njia ya lambo palikuwa na msitu mdogo ambamo hakuna aliyethubutu kukata hata fimbo. Ndani yake kulikuwa na chungu kilichozikwa nusu, na humo wazee walimimina maji na unga wakati wa tambiko la kuomba mvua. Ndege waliokuwa wakipiga kelele mashambani walinyamaza wakifika pale. Hata upepo ulipita pembeni.

Aliyeufanya msitu ule uogopwe zaidi ni babu yake mwenyewe, Mzee Mhina, ambaye ulimi wake haukuwa na breki.

"Jamaa mmoja wa Korogwe alisimama pale na baiskeli yake, akakojoa," alisimulia kila mara. "Alipogeuka, baiskeli haipo! Imeondoka yenyewe mpaka Handeni mjini, kila kona inapiga kengele. Yeye akabaki palepale anakojoa damu."

"Babu, nani aliiona baiskeli ikienda yenyewe?"

"Mimi. Nilikuwa nimepakiwa nyuma."

Watoto walicheka, lakini hakuna aliyepita pale bila kuharakisha.

Jioni moja Faudhia alibanwa na haja akitoka lamboni, na nyumbani bado kulikuwa mbali. Aliangaza huku na huku, akachutama ukingoni mwa msitu. Mkojo ulimchoma kama pilipili. Alipoinuka, jani moja likaanguka begani kwake, taratibu, kama mkono wa mtu. Alikimbia hadi nyumbani, nusu ya maji yakamwagika.

Maumivu hayakuisha. Kila baada ya muda mfupi alikwenda chooni, yakatoka matone tu, na chini ya kitovu pakauma. Mama yake, Zamda, alipomwona amejikunja, alimpeleka kwenye zahanati. Daktari Asnath, mwanamke wa Kishambaa kutoka Bungu kule milimani, alipima mkojo, akaangalia na kichocho, akasema ni maambukizi ya kibofu. Alitoa dawa za aina mbili: vidonge vyekundu kama tofali vya kutuliza maumivu, na vya rangi mbili vya kuua vijidudu.

Wakati daktari anaeleza namna ya kuvitumia, mama alikuwa ametoka nje kumtafuta mwenye bodaboda. Faudhia alitazama sakafu. Kichwani mwake kulikuwa na jani lile tu. Kila alipoulizwa, "Umenielewa?" aliitikia, "Ndiyo."

"Daktari amesemaje?" mama aliuliza wakiwa njiani.

"Ninywe baada ya kula."

"Basi?"

"Basi, mama."

Usiku ule alikula ugali kwa mlenda, akanywa dawa, akalala vizuri. Alfajiri alikwenda chooni. Mama yake alikuwa amenyunyiza majivu meupe kuzunguka tundu, kama kawaida yake. Faudhia alipomaliza, aliyatazama majivu. Yalikuwa na madoa mekundu.

Akamkumbuka yule mtu wa baiskeli.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kwamba alikojoa mahali ambapo babu yake mwenyewe hupiga magoti? Siku ile aliteremka na ndoo mapema, akaingia msituni, akavimimina vidonge vyote ndani ya chungu. Maji machache yalikuwa yamebaki chini, meusi.

"Chukueni," alinong'ona. "Nisameheni."

Akachukua ndoo yake, akatoka mbio.

Mkojo ulirudi kuwa wa kawaida! Faudhia akaamini amesamehewa. Mama akiuliza, "Umekunywa dawa?" alijibu, "Nimekunywa," huku akijifuta mdomo kwa kiganja. Lakini maumivu yalirudi, safari hii yakapanda hadi mgongoni, na homa ikamshika. Alilala kwenye mkeka akitetemeka juani. Kila alipofumba macho alisikia kengele ya baiskeli, mbali, ikikaribia.

Akiwa katika hali hiyo, babu aliingia uani mbio, bila kofia, bila kiatu kimoja.

"Zamda! Zamda! Leo nimeyaona!"

"Baba, umeona nini tena? Mtoto anaumwa, hadithi baadaye."

"Si hadithi! Nimekwenda kumimina unga kwenye chungu. Unga mweupe, nimeusaga mwenyewe. Umegusa maji tu, umegeuka mwekundu! Mbele ya macho yangu!" Mzee ambaye miaka yote alitisha watoto alikuwa akitetemeka kuliko mgonjwa. "Mizimu inataka mtu."

Faudhia aliangua kilio. "Inanitaka mimi, babu!"

Hapo akayatoa yote: ukingo wa msitu, jani, madoa kwenye majivu, vidonge ndani ya chungu, na uongo aliomwambia mama yake. Mama alibaki ameshika kichwa. Babu alikaa chini polepole, akatazama kiatu chake kimoja.

"Vidonge vyekundu?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Ndani ya chungu changu?"

Bodaboda iliwafikisha zahanati kabla jua halijazama. Daktari Asnath alimchoma Faudhia sindano, akamlaza na kumwekea dripu. Homa ilipoanza kushuka kesho yake, daktari alijaza maji kwenye glasi, akaponda kidonge chekundu na kukitumbukiza. Maji yakageuka rangi ya machungwa, kisha mekundu.

"Hiyo ndiyo damu yako, Faudhia. Ni rangi ya dawa. Nilikwambia usishtuke, na kwamba inaweza kutia doa hata nguo."

"Sikusikia, daktari."

"Ukaitikia ndiyo."

Faudhia aliinamisha kichwa. "Niliona aibu kuuliza."

"Aibu ingekupeleka pabaya. Vile vyekundu vinatuliza maumivu tu, na havinywewi zaidi ya siku nilizokupangia. Vinavyoua vijidudu ni hivi vingine, navyo unavimaliza hata ukijisikia mzima. Umeviacha, ugonjwa ukaanza kupanda kwenye figo. Na siku nyingine ukiona mkojo mwekundu bila dawa hii, huenda ni damu kweli, kwa hiyo njoo. Kunywa maji, na usijizuie haja siku nzima." Kisha akamgeukia babu kwa utani wa makabila. "Nyie Wazigua mnaipa mizimu dawa, kwani yenyewe ina maumivu gani?"

"Afadhali sisi," babu alijibu. "Nyie wa milimani mngeiuzia."

Walicheka wote, hata Faudhia.

Alipopona kabisa, babu alikwenda naye kuona walimu, na mlango wa choo cha shule ukatengenezwa. Siku hiyo walirudi kwa miguu, jua likielekea kuzama, wakafika kwenye msitu. Ndege walinyamaza. Babu alisimama, akavua kofia.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Msitu huu tuuheshimu, ni wa wazee wetu. Lakini ugonjwa hauponi kwa kufichwa. Mwili ukikuuma, sema. Ukipewa dawa, sikiliza unavyoelezwa, na usichoelewa uliza, hata ukiuliza mara kumi. Ulipotuficha mimi na mama yako, nani angekusaidia? Ndimi zetu wazee nazo zina makosa, kwa hiyo nikikutisha, njoo uniulize kama ni kweli."

"Nimeelewa, babu. Nimeelewa kweli."

Nyuma yao kengele ya baiskeli ililia. Wakasogea pembeni ili ipite. Wakangoja. Hakuna kilichopita.

"Babu, nani amepiga kengele?"

Mzee Mhina alivaa kofia yake haraka, akampa chupa ya maji waliyotembea nayo.

"Kunywa maji," alisema, "tutembee."