Breki Mpya za Muuguzi

Muuguzi alikuwa amelala chali kwenye mtaro, kona ya mwisho ya mteremko, kiatu kimoja mguuni na kingine juu barabarani. Mkoba wake wa dawa ulikuwa umepasuka, bandeji zimetapakaa kwenye nyasi. Pikipiki ya magurudumu manne aliyopanda, ile kuukuu ya shamba la miti, ilikuwa imejikunja kwenye gogo la msonobari hatua sita kutoka alipoangukia.

Inspekta Shubiri alichuchumaa, akamtazama usoni. Kisha akainuka na kupanda mteremko kwa miguu, macho chini. Mita themanini za changarawe, na hakuna hata mburuzo mmoja wa tairi. Mwanamke huyu alikuwa ameshuka mlima mzima bila breki.

Jina la Shubiri alipewa na vibaka wa mjini, kwa kuwa katika miaka yake kumi na saba ya upelelezi hakuna aliyemsikia akitamka neno tamu. Yeye mwenyewe alilipenda kuliko jina alilopewa na baba yake.

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Kambi ya chini, afande. Mkata miti alijikata mguu," alijibu meneja wa shamba, akijifuta jasho. "Lakini usihangaike. Mhalifu tumeshakukamatia. Yuko ghalani."

"Mmenikamatia?"

"Fundi wetu mpya. Ndiye aliyeng'oa breki za waya akaweka hizi za mafuta. Chombo kimekaa na waya zake miaka yote, hakijaua mtu. Kaja yeye na ujuzi wake, matokeo ndiyo haya."

Ghalani, binti wa miaka kama ishirini na mitano alikuwa amefungwa mikono kwa kamba ya kufungia mbao. Mdomo wake ulikuwa umevimba.

"Nani kampiga?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Nimeuliza nani kampiga!"

"Watu wana uchungu, afande," alisema meneja.

"Kila mtu ana uchungu. Wenye kamba ni nyinyi peke yenu." Shubiri alitoa kisu, akaikata kamba kwa hasira hadi karibu ajikate kidole. Hakuwa na la kufanya ila kumchukua fundi kituoni. Akimwacha pale, kufika jioni angekuwa na maiti mbili.

Mkuu wa kituo aliisikiliza ripoti huku akisaini barua nyingine. "Uzembe uliosababisha kifo. Kesho saa sita jalada liwe kwangu, binti apelekwe mahakamani."

"Bado sijachunguza, mkuu."

"Kuna la kuchunguza? Kaweka breki, breki hazikushika."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Shubiri aliusema msemo huo kimoyomoyo, akatoka bila kupiga saluti.

Katika chumba cha mahojiano fundi alikuwa ameweka mikono juu ya meza. Kucha zilikuwa nyeusi kwa grisi.

"Kwa nini uling'oa za waya?"

"Zilichakaa, afande. Muuguzi alikuwa anabana kwa nguvu zote na bado chombo kinateleza. Nikatoa ngoma zote za breki, nikafunga diski na pampu za pikipiki nyingine iliyokufa. Vipira vyote vya ndani, vile vinavyozuia mafuta, niliweka vipya. Kazi ya siku nne."

"Ulizijaribu?"

"Mteremko uleule, mara ishirini, na mifuko miwili ya mchanga nyuma. Zilishika vizuri. Muuguzi akaipanda siku tisa bila tatizo."

"Basi leo zimeachiaje?"

Fundi alisugua grisi kwenye kucha. Machozi yakamtoka. "Labda sikutoa upepo wote. Upepo ukibaki kwenye mpira wa mafuta, ukibana, mkono wa breki unazama tu. Nimewaza tangu asubuhi. Labda ni mimi, afande. Andika tu."

Shubiri aliweka kalamu chini. "Labda siiandiki. Juzi Jumapili na jana Jumatatu ulikuwa wapi?"

"Kwa mama. Zamu yangu ya mapumziko. Nimerudi leo asubuhi, nikakuta wananisubiri getini."

"Kikopo cha mafuta ya breki, pale kwenye usukani. Ulikifungaje?"

"Skrubu mbili. Nikapiga mstari wa rangi nyeupe, kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kifuniko. Kazi zangu zote nafanya hivyo. Mstari ukiachana, najua kuna mtu kagusa."

Shubiri alikuwa ameshasimama kabla hajamaliza.

Pikipiki ilikuwa uani, nyuma ya kituo. Mkaguzi wa magari wa polisi, mtu mnene asiyependa haraka, alisogeza taa. Mistari ya rangi ilikuwepo, myembamba, imepigwa kwa mkono usiotetemeka. Lakini skrubu zote mbili zilikuwa zimezungushwa. Nusu ya mstari ilitazama huku, nusu kule.

"Chota kilichomo," alisema Shubiri.

Mkaguzi akachota kwa bomba la sindano. Akaagiza glasi mbili za maji. Katika ya kwanza alitia mafuta kutoka kopo la fundi, lililokutwa kwenye sanduku lake la vifaa. Yakazama, yakachanganyika na maji. Katika ya pili alitia yale ya kikopo. Yakaelea juu, yametulia, yanang'aa.

"Oili ya injini," alisema mkaguzi. "Mafuta ya breki hukubali maji. Oili haikubali, na mbaya zaidi, inakula vipira." Akafungua pampu, akatoa kipira cha ndani kwa koleo. Kilikuwa kimevimba kama harage lililolowekwa. "Mwanzo kikivimba, breki zinashika zenyewe, gurudumu linapata moto. Halafu kinajipinda, na hapo ubane usibane, ni kazi bure."

"Ni bahati mbaya?"

"Aliyefanya hivi alifyonza mafuta yote kwanza, ndipo akajaza oili. Bahati mbaya haifyonzi."

Vitu vile vikaandikwa vielelezo, vikatiwa kwenye mifuko, na Shubiri akamwita mume wa marehemu.

Alikuwa mwalimu, shati limefungwa vifungo kimakosa. Kabla hajaulizwa alisema, "Mimi ndiye niliyempiga yule binti. Niandikeni."

"Zamu yako itafika. Mkeo alilalamika juu ya breki?"

"Jana jioni. Alisema zinashika zenyewe, gurudumu linanuka kuungua. Alimtafuta fundi, hakumkuta."

"Akamwambia nani?"

"Mzee wa Karakana. Mzee akamwambia, ni mpya hizo, zitazoea tu."

Kesho yake saa tatu asubuhi Shubiri na konstebo mmoja waliingia karakana ya shamba. Mzee wa Karakana alikuwa anapanga spana ukutani, kila moja mahali pake. Miaka thelathini na moja alikuwa bwana wa chumba kile, na nusu ya mafundi wa eneo lile walikuwa wamepita mikononi mwake. Meneja alikuja mbio, akasimama mlangoni.

"Pikipiki ya muuguzi ililala humu. Funguo za hapa anazo nani?"

"Mimi na meneja," alisema Mzee. "Na yule binti, ila akienda likizo huniachia."

"Meneja, Jumapili ulikuwa wapi?"

"Mjini, harusini. Nimerudi Jumatatu usiku."

"Basi umebaki wewe peke yako, Mzee. Nani alifungua kikopo cha breki cha pikipiki ya muuguzi?"

Mzee alijitia hamnazo. "Kikopo kipi, mwanangu?"

"Mwanao yuko kwako. Mimi ni afande."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja. "Ah, kile. Niliona mafuta yamepungua, nikaongeza oili kidogo. Sisi wazee tumezoea waya, afande. Haya mambo ya mafuta ni ya vijana. Kwangu mimi mafuta ni mafuta. Kama nimekosea, nimekosea kwa wema."

Meneja alishusha pumzi. "Umeona, afande? Kosa la kibinadamu. Mzee wa watu..."

"Nyamaza." Shubiri alinyoosha kidole dirishani. "Pikapu ile ya nani?"

"Ya meneja," alisema Mzee.

"Nani anaihudumia?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu ije. Miaka kumi na tisa."

"Breki zake ni za waya?"

Mzee alikitazama kitambaa.

"Nakuuliza wewe, si kitambaa."

"Za mafuta."

"Miaka kumi na tisa unaziongezea mafuta. Umewahi kuzitia oili?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ingeharibu vipira."

"Rudia. Meneja hakusikia."

"Ingeharibu vipira!" alifoka, na sauti yake ikapasuka. Akakaa juu ya tairi kuukuu.

Shubiri alimsomea onyo, kwamba halazimiki kusema na kwamba atakalosema litaandikwa. Mzee akasema. Alikuwa ameapa mbele ya wafanyakazi wote kwamba chuma kile cha zamani hakiwezi kukubali breki za mafuta. Siku zikishika, alisema, atavua ovaroli yake na kurudi nyumbani. Zikashika. Wakata miti wakaigeuza mchezo. Kila akipita, mmoja anapaza sauti: "Mzee, vua!" Kantini, vua. Getini, vua. Hata wapishi.

"Wengine niliwafundisha mimi kushika spana," alisema. "Nilitaka zigome tu. Zishikane, chombo kisitembee, watu waone kuwa binti hajui kitu. Sikutaka mtu afe."

"Jumatatu zilishikana, kama ulivyotaka. Muuguzi akaja kukwambia. Ulishapata ulichotafuta. Mbona hukukizuia chombo?"

"Ningekizuia, ningelazimika kukifungua. Wangeona oili."

"Ukamwambia zitazoea."

"Ndiyo."

"Na jana asubuhi, alipoondoka, ulikuwa wapi?"

Mzee aliinama, akaanza kufuta tena vidole.

"Mzee, ulikuwa wapi?"

"Getini."

"Geti alifungua nani?"

"Mimi."

Konstebo aliyekuwa akiandika akasita. Shubiri alisogea hadi viatu vyao vikagusana.

"Alikwambia chochote?"

Mzee alifunika uso. "Alinisalimia. Alisema, shikamoo, Mzee."

"Ukasemaje?"

"Marahaba."

Shubiri alipiga ngumi ukutani, spana zikaruka. "Neno moja! Ulikuwa na pumzi ya kusema marahaba, ukakosa ya kusema shuka? Mtu anakwenda kumfunga mwenzake jeraha, wewe unamfungulia geti akafe, kisa umetaniwa kuhusu ovaroli!" Alitoka nje kabla mkono wake haujafanya jambo ambalo angelazimika kuliandikia ripoti, akamwachia konstebo kazi ya pingu.

Saa tano na nusu jalada lilikuwa mezani kwa mkuu wa kituo, na jina juu yake halikuwa la fundi. Shubiri akafungua mahabusu mwenyewe.

"Toka. Ulitoa upepo wote. Breki zako zilikuwa nzima." Akamweleza yote, bila kupunguza, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kueleza.

Fundi alisikiliza akiwa amesimama. Hakushukuru.

"Kwa hiyo Jumatatu alinitafuta mimi?"

"Ndiyo."

"Angenikuta ningefungua palepale. Dakika kumi, afande. Dakika kumi tu ningeona." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa hasira. "Na huyo Mzee, wiki nzima ananiambia kazi nzuri, binti yangu."

Mlango ulikuwa wazi. Fundi alirudi nyuma, akakaa tena kwenye benchi la mahabusu, ngumi zimekunjwa magotini. Shubiri alitafuta neno la kumwambia, akalikosa, akaingia na kukaa kando yake.