Maskati Iliyogeuzwa

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Amur alipotoka Rusayl na kifurushi chake kwenye kiti cha mbele, amekifunga mkanda kama abiria. Mahbuba angemuona angecheka mpaka machozi. Tangu mumewe astaafu wizarani na kuingiwa na ugonjwa wa vitabu vya Waholanzi, Mahbuba hakukosa cha kucheka. Wanaume wenziwe wananunua ngamia, yeye ananunua makaratasi yenye madoa. Na Kiholanzi chenyewe hasomi hata neno.

Alichokipenda Amur ni picha. Picha zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba, zikapigwa chapa huko Amsterdam karne zilizopita, zikionyesha miji na ngome na watu wa nchi ambazo wachongaji wenyewe hawakuzikanyaga. Mchongaji anakaa kwenye baridi yake, anapewa mchoro wa baharia, anachonga. Simba wanatoka na nyuso za watu. Watu wanatoka na nyuso za hakuna mtu.

Kitabu kilichokuwa ndani ya kifurushi siku ile alikisaka kwa muda mrefu, kwa sababu ndani yake mlikuwa na picha ya Maskati. Maskati yake. Alifika nyumbani, Mabela, kabla ya maghrib, akakipeleka moja kwa moja chumbani, akakifungua juu ya kitanda.

Mahbuba aliingia, akaziba pua.

"Amur, kitabu hiki kinanuka."

"Kinanuka uzee, mama. Hata sisi tutanuka."

"Hii siyo harufu ya uzee. Hii ya kaburi. Hakilali nyumbani kwangu mpaka nikifukize."

Hapo hapakuwa na mjadala. Mahbuba alikuwa mtoto wa watu wa Unguja, na kwao kitu kigeni hakiingii ndani bila udi. Nguo mpya, shuka za mgeni, blanketi la mtoto mchanga, vyote hupita juu ya chetezo. Akaleta makaa, akatia vipande vya udi na ubani kidogo, akazipitisha kurasa juu ya moshi, moja moja. Amur alisimama pembeni roho mkononi, akichunga cheche zisije zikaruka. Alidhani hatari ni moto.

Moshi uliingia kitabuni. Haukutoka.

Amur aliliona hilo, akalipuuza. Alikuwa ameshaikunjua picha ya Maskati, na furaha imemjaa kifuani. Ghuba, majahazi, milima, ngome mbili za Mirani na Jalali. Halafu akacheka.

"Mjinga huyu kaichonga kinyume! Tazama, Mirani iko kushoto na Jalali iko kulia. Mtu akitoka baharini anaziona hivi?"

Lilikuwa kosa la kawaida la wachongaji hao. Shaba hugeuza picha inapopigwa chapa, kwa hiyo mchongaji mwangalifu huchonga kinyume ili itoke sawa. Mvivu huchonga kama alivyopewa, na mji mzima hugeuka. Hata watu walioketi ufukweni pichani walikuwa wanakula kwa mkono wa kushoto. Mkusanyaji kama Amur hakosi dawa ya hilo: huipeleka picha mbele ya kioo, mji ukarudi mahali pake.

"Nishikie hapo mbele ya kioo, nipige picha kwa simu," alisema.

"Maghrib hii?" Mahbuba alirudi nyuma. "Kioo hakitazamwi maghrib, Baba Jumana. Na udi bado unawaka."

"Dakika moja tu. Nishikie."

Alimshikia, kwa sababu alimpenda. Alisimama mbele ya kioo kirefu cha meza yake ya vipodozi, kitabu kifuani, chetezo miguuni. Moshi ulipanda ukaziba kioo chote. Amur akanyanyua simu. Msikitini muadhini akaanza...

Kisha moshi ukawa mweupe pe, na Amur hakumuona mkewe.

Kitambo kidogo tu. Moshi ulipotawanyika Mahbuba alikuwa palepale, ametulia, anatabasamu. Akamrudishia kitabu chake.

Kwa mkono wa kushoto.

Amur alikipokea, akaenda kuswali. Mtu huchoka mkono, alijiambia. Lakini kwenye chakula cha usiku Mahbuba alitia mkono wa kushoto katika sahani ya wali, akafinyanga tonge, akala. Tangu waoane Amur hajapata kuona kitu kile. Hata mtoto mdogo hupigwa kofi kwa hilo.

"Mahbuba... mkono gani huo?"

Aliutazama mkono wake. "Huu wa siku zote," alisema kwa upole, akaendelea kula.

Ndipo Amur alipokitazama kidoti cheusi cha shavuni mwake. Siku zote kilikuwa shavu la kushoto. Alikijua kwa midomo yake. Sasa kilikuwa kulia. Alisahau kutafuna.

Baadaye mwanamke yule aliketi mbele ya kioo, akazifumua nywele, akaanza kuzichana. Amur alisimama mlangoni, hana nguvu ya kuingia wala ya kutoka. Harufu ya udi ilikuwa ingali nzito, na chini yake ile nyingine, ya kaburi. Akatupa jicho kwenye kioo, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kule kiooni alikuwa Mahbuba wake. Kidoti kiko kushoto, kitana kiko mkono wa kulia.

Aliyeketi kitini alikuwa anatabasamu.

Aliye kiooni alikuwa analia.

Kitana kikamponyoka yule wa kiooni. Wa kitini aliendelea kuchana. Mahbuba wa ndani ya kioo alimtazama Amur machoni, akaweka viganja viwili juu ya kioo, akasukuma. Akasukuma tena kwa nguvu zake zote, mdomo wazi, sauti haitoki. Anataka kutoka, Amur alifikiri. Masikini, anataka nimtoe.

"Yuko wapi mke wangu?" alinong'ona.

"Kwetu," alijibu mwanamke bila kugeuka. "Si wewe uliyetaka kuuona mji ulivyo?"

"Wewe nani?"

"Mgeni. Mmenifukizia, mmenifungulia mlango. N'nakaa."

Usiku ule Amur alilala sebuleni na Mas-hafu kifuani. Asubuhi ya Ijumaa simu ililia. Alikuwa Jumana, binti yao wa pekee, aliyeolewa Mawaleh na ambaye alikuwa katika mwezi wa kujifungua.

"Baba, mama ana nini? N'mempigia, kaniuliza mtoto anakaa upande gani wa tumbo. Kaniuliza tena na tena. Halafu akacheka."

"Ana homa kidogo. Usije leo, mwanangu."

"Kashan'ambia nije. Anataka nikae kwake mpaka nijifungue. N'nakuja maghrib."

Amur alimkatalia, akambembeleza, akamkaripia. Lakini Jumana alikuwa na ukaidi wa mama yake, na mtu akisikia mamake mgonjwa hazuiliki. Simu ikakatika. Kutoka jikoni Amur alisikia yule mwanamke akiimba wimbo wa kubembelezea mtoto.

Alikuwa na siku hiyo moja ya kumrudisha Mahbuba na kumtoa huyu, kabla Jumana hajagonga mlango.

Akampigia Hatem, rafiki yake mkusanyaji mwenzake, mtu wa mzaha hata matangani. Safari hii Hatem hakufanya mzaha.

"Umekifukiza? Subhanallah. Wazungu wamekaa na vitabu hivi miaka yote, wamevitia kabatini, hawajavipa hata harufu ya kijiti cha ubani. Wewe umekipa udi, yakhe. Kwetu udi ni mwito."

"Nifanye nini?"

"Mimi n'najua ramani tu, Amur. Lakini hapa Oman mgeni huondoka vipi? Mwenye nyumba akishapitisha chetezo, watu husimama, ziara imekwisha. Udi umemleta. Labda udi utamuondoa. Wallahi sijui."

Amur alilikamata hilo hilo "labda". Hakuwa na lingine.

Jua lilipoanza kushuka alitia makaa, akatia udi mwingi kuliko wa harusi, akakisimamisha kitabu juu ya meza ya vipodozi, picha ya Maskati imekabili kioo. Mwanamke alikuja mwenyewe bila kuitwa. Akasimama pale alipotakiwa. Amur akamzungushia chetezo kwa adabu, kulia, kushoto, chini ya mtandio, kama anavyoagwa mgeni wa heshima.

"Tumefurahi kukuona," alisema. "Mungu akufikishe salama."

Moshi ulikula kioo. Ndani yake, mbali, Amur aliona viganja viwili vikisukuma.

"N'nakwenda," alisema mwanamke. "Umenikirimu. Lakini mgeni hatoki peke yake, Baba Jumana. Nisindikize."

Akanyoosha mkono.

Na Amur, aliyelelewa na watu wa adabu, Amur ambaye maisha yake yote hajamwacha mgeni afike mlangoni peke yake, aliupokea ule mkono. Alichowaza ni kwamba akifika pale mlangoni atamvuta mkewe. Mkono ulikuwa baridi kama chuma. Muadhini akaanza... moshi ukawa mweupe... akapiga hatua moja.

Kisha mikono yenye joto ikamkumbatia.

Mahbuba! Kidoti kiko shavu la kushoto. Harufu ni yake, ya asumini na vitunguu. Amur alilia kama mtoto, akambusu mikono, wa kulia, wa kushoto, akamuomba radhi kwa kitabu, kwa kioo, kwa ukaidi wake wote. Hakuona kwamba Mahbuba hakuwa akilia kwa furaha.

"Umefanya nini, Amur?" alinong'ona. "Umefanya nini?"

Kengele ya mlango ikalia.

"Jumana!" Amur alisema. Alicheka kwa nafuu. Binti amekuja na mamake yupo. Akageuka mbio kuelekea mlango wa chumba, akajigonga usoni kwenye ukuta.

Mlango ulikuwa upande wa pili.

Alitoka polepole, mkono ukipapasa ukuta. Sebuleni, aya iliyotundikwa juu ya kochi ilikuwa inaanzia kushoto. Makochi yamebadilishana pande. Alifungua mlango wa nje, na Jumana alikuwa amesimama hapo na tumbo lake kubwa, amechangamka, amependeza, usukani wa gari lake uko kulia, si kushoto kama magari yote ya Oman.

"Shikamoo, baba," alisema, na akampa mkono wa kushoto.

Amur hakuushika. Nyuma yake Mahbuba alikuwa amefika, akiegemea ukuta, hana rangi.

"Nilikuwa nakusukuma," alisema. "Tangu jana mpaka leo. Nilikuwa nakusukuma usije. Yeye hakutaka mimi, Amur. Wala wewe. Alitaka nyumba iwe tupu Jumana akija."

Amur alirudi chumbani mbio, akijigonga kila kona. Kioo kilikuwa safi, moshi umekwisha, makaa yamekuwa majivu. Ndani ya kioo alikiona chumba chao, kitanda kiko mahali pake, mlango uko mahali pake. Yule mwanamke alikuwa anajitengeneza mtandio, bila haraka. Akageuza shingo kama mtu aliyesikia kengele.

Akatoka kwenda kumfungulia binti yao.

Amur aliweka viganja viwili juu ya kioo, akaanza kusukuma.