Taa Aliyoiomba Mdogo

Jirani yetu Pei-shan hapendi kuyasimulia haya, na akiyasimulia huyasema kama mtu anayesoma bei za mboga. Yalimkuta hapa hapa mjini Tainan, mwezi wa mizimu, ambao wafu huja kuwatembelea walio hai, mchana kweupe.

Mdogo wake, Yen-hao, alipanda milima ya mashariki mwaka juzi, hakurudi. Hata kiatu hakikuonekana. Mama yao akashikilia kwamba mwanawe yu hai, na kila mlo akamwandalia bakuli la wali, vijiti vya kulia vimelazwa juu yake. Vijiti husimamishwa katika wali wa maiti tu. Pei-shan hakulia. Alikufa ganzi, basi. Alichorithi ni kazi ya mdogo wake: kutunza programu ya kompyuta ya hekalu inayowasha ukuta wa taa, kila taa na jina la marehemu wake.

Siku hiyo taa zilitakiwa ziwake kabla ya sala ya jioni. Zikagoma.

"Mashine yako imenuna kama mkwe aliyenyimwa supu," alitania Mjomba Kuo, mlinzi wa hekalu.

"Nitaibembeleza, Mjomba. Wewe lete chai."

Kosa lilikuwa la kitoto. Mstari mmoja uliita kitu kiitwacho *mdogo*, lakini hakuna mahali programu ilipoambiwa mdogo ni nani. Ikifika hapo, inakufa. Pei-shan aliufuta mstari, akawasha. Mstari ukarudi.

Akafanya wanavyofanya wenzake wote wakikwama: akapachika huku na huku amri za kuchapisha neno moja, "nimefika", aone mashine inafika wapi kabla ya kuanguka.

*Nimefika.*

*Nimefika.*

*Nimepotea.*

Hilo la tatu hakuliandika yeye.

Aligeuka. Mjomba Kuo alikuwa uani, anapanga matunda. Akawasha tena.

*Nimefika.*

*Nimefika.*

*Dada, huku baridi. Niandike.*

"Mjomba," alinong'ona, "nani ameigusa mashine hii?"

"Tangu mdogo wako? Wewe tu." Mzee akaisoma skrini. Utani ukamwisha. "Binti, mwezi huu mizimu ikikuita, usiitike."

Pei-shan alimwaza mama yake. Akiliandika jina kwenye ukuta ule, amemuua mwana wa mama. Asipoliandika, mdogo wake atabaki huko huko, hana taa, hana anayemwita.

Akaandika.

*mdogo = "Lin Yen-hao"*

Ukuta ukawaka. Chini kabisa, pembeni, ikawaka taa ambayo jana haikuwepo.

Alikuwa akifuta amri zake za kuchapisha, simu ilipolia.

"Pei-shan." Mama alikuwa ananong'ona. "Kuna mtu mwingine ana ufunguo wetu?"

"Hakuna, Mama. Kuna nini?"

"Vijiti vya mdogo wako. Nimevilaza mwenyewe, sasa hivi. Vimesimama."

Alipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa mezani, feni inamsukumia joto la Agosti usoni.

"Umemwandika?"

"Nimemwandika, Mama."

Mama alimsogezea bakuli tu. Pei-shan akalishika kwa mikono miwili, na ndipo machozi ya miaka miwili yakamtoka.

Wali ulikuwa umeganda barafu.