Shaba Ndani ya Konveta

Milembe aliipua sufuria ya uji mekoni kwa mikono mitupu, akaitua chini taratibu, akajifuta viganja kwenye gauni. Mtoto wa miaka saba! Shangazi yake Sayi alikuwa anapepeta mchele pale uani, ungo ukamtoka mikononi.

"Mayu! Hujaungua?"

"Hapana, shangazi."

Ngozi ya viganja ilikuwa inaning'inia. Mtoto aliitazama kidogo, kisha akauliza kama sukari ipo.

Baba yake, Bundala, fundi umeme wa pale Bariadi, alijua palepale kwamba kosa ni lake. Alijua, ila hakusema, maana kwa ubishi Bundala hakuwa na mwenzake mji mzima.

Ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Pamba haikuwa tena ya ushirika peke yake, kila mwenye mizani na gari akajiita kampuni. Jabiri, mwenye duka la vitenge, naye hakubaki nyuma. Alinunua karavani, kile kinyumba cha bati kinachovutwa na gari, aende kukifanya ofisi huko Lalago. Taa na redio ya upepo ya kuwasiliana na mjini mle ndani vilitumia umeme wa betri, na kazi ya kuushusha umeme wa jenereta ili uichaji betri ilikuwa ya konveta. Jabiri aliweka konveta mpya, nyepesi, ina maandishi ya kumetameta. Siku ya nne ikaungua. Akaweka nyingine, ikafuata njia hiyohiyo.

"Achana na makopo hayo," Bundala alimwambia. "Nipe ile kuukuu iliyokuja na karavani. Uzito wote ule ni chuma na shaba. Nikiisuka waya upya, utazeeka uiache."

Maneno ya fundi hayo! Waya mnene wa kusukia haukupatikana Bariadi nzima, mvua ilikuwa imekata barabara ya Mwanza, na Jabiri alitaka kuondoka Jumatatu. Ndipo Bundala akakumbuka vikuku vya marehemu mama yake.

Vilikuwa waya mnene wa shaba, umezungushwa mizunguko mingi ya kukaa mguuni. Kwa Wasukuma vitu vya namna ile haviachwi vikalala kwenye kopo. Mjukuu aliyebeba jina la marehemu huvishwa, anaitwa kwa jina lile mbele ya ndugu, unga wa mtama unanyunyizwa, na bibi anatulia. Milembe ndiye aliyelibeba jina; ndiyo maana hata baba yake alimwita mayu, yaani mama. Miaka minne Sayi alisema avishwe. Miaka minne Bundala, mzee wa kanisa, akajibu, "Baadaye." Sasa akaukunjua waya, akaunyoosha, akauvika utepe wa pamba, akaupaka vanishi na kuusuka ndani ya konveta.

Iliwaka vizuri mno. Jabiri akacheka, akampigapiga fundi mgongoni. Karavani ilikuwa imeegeshwa uani kwa fundi; Milembe akaingia kucheza, akashinda humo. Alasiri Bundala akazima jenereta, akachomoa betri, na taa hazikuzimika. Alisimama pale na waya mkononi, mapazia yamefungwa, konveta inanguruma, na humo ndani kukaanza kunuka ugoro, ugoro wa mama yake, wenye magadi mengi. Akatoka, akafunga mlango, akaenda kula.

Kesho yake ndiyo ikawa habari ya sufuria.

Mganga wa zahanati alifunga viganja, ila ganzi hakuielewa. Bundala alichukua sindano akamgusa mtoto kwenye kidole, kimya, kwenye kiwiko, kimya, na kufika adhuhuri ganzi ilikuwa imepanda begani na kuanza kushuka kifuani, na mtoto alikuwa ameacha kucheza, ameacha kuuliza, amekaa kwenye ngazi ya karavani anatazama mbele, hata nzi akimtua jichoni hapepesi.

"Hilo ni jini," Jabiri alinong'ona. "Nimesoma kila aya ninayoijua, taa inazidi kuwaka."

"Siyo jini," Sayi akasema kwa sauti ndogo. "Ni mama. Kaka amemweka humo, naye amekaa humo. Anamvuta aliye wake."

Wakamwita mfumu, yaani mganga wa jadi, jina lake Maganga, mtu wa haraka aliyekuja na baiskeli na kusema mapema kwamba shamba lake linamsubiri. Aliweka sikio kwenye konveta. Alipoinuka, hakuwa na haraka tena.

"Aliyemfunga ndiye amfungue, kwa mikono mitupu. Lakini fundi, ganzi hii haipotei hewani. Ikitoka kwa mtoto, inatafuta pa kukaa."

"Ikae kwangu," Bundala alisema.

Akaifungua konveta hali inanguruma, ingawa hapakuwa na jenereta wala betri, akaanza kuukunjua waya mzunguko mmoja mmoja, na wa kwanza ukaondoka na vidole vyake, wa tano na mikono, wa kumi na kifua, ugoro umejaa puani mpaka puani napo hakusikia kitu, naye akaendelea kukunjua kwa macho tu, kwa kuwa mikono ilikuwa kama imeazimwa. Sayi aliupokea waya, akamvisha mtoto mguuni, akanyunyiza unga.

"Milembe! Milembe! Milembe!"

Mara ya tatu mtoto akapiga yowe, yowe la viganja vilivyoungua, na taa zikazimika. Sayi alilia huku anacheka. Jabiri akaketi chini, mavumbini, na kanzu yake safi.

"Baba, inauma! Nipulize!"

Alimrukia, akamning'inia shingoni. Bundala aliiona mikono ile imemkumbatia, akaona machozi yanavyolowesha shati lake. Alijua hapa ndipo mtu anapofurahi. Aliitafuta furaha, akatafuta hata woga, hakupata kitu. Akavishika viganja vya mwanawe, akavipuliza, kwa kuwa ndivyo baba anavyofanya.