Hakuna Mtu Ndani ya Dombocha

"Feni ya kichwani iko wapi?"

Chizuru aliuliza huku mkono wake umezama ndani ya kichwa cha boga, kichwa kikubwa kama pipa, chenye macho ya duara na kofia ya vita ya maboksi. Akapapasa pembeni, akapapasa juu. Palibaki matundu mawili ya skrubu.

"Nimeitoa," Tatsuo alijibu bila kuinua macho kwenye simu. "Inavuma. Watu wameandika kwenye video ya juzi, eti mbona Dombocha ananguruma kama friji."

"Kaka Tatsuo, leo joto ni nyuzi thelathini na saba!"

"Nyimbo sita tu."

"Kohei, umesikia? Sema basi!"

Kohei alikuwa amekaa juu ya kreti, vazi limemfika kiunoni, anakunywa chai baridi ya shayiri. Miaka sita alikuwa mpenzi wa Chizuru, na minne kati ya hiyo alikuwa boga. Video za Dombocha, boga linalopiga ngoma kwa hasira, zilianza kama mzaha wa soko la mboga la Ogiwara, sasa zilikuwa zinatazamwa mpaka Brazili. Tatsuo, rafiki yake tangu shule, ndiye aliyerekodi na kupanga maonyesho yote.

"Nitavumilia, Chizu. Leo tuko mubashara. Tukifikisha watazamaji elfu hamsini, watu wa televisheni wanatuchukua."

"Na mimi utanichukua lini?"

"Usianze."

"Sijaanza, naendelea. Mwaka juzi uliniambia Dombocha akioa atapoteza mashabiki. Kwani mimi naolewa na boga?"

Kohei akacheka, akambana pua kwa vidole vyenye glavu, kisha akavishwa kichwa.

Kichwa kikishavaliwa, Dombocha hasemi. Hana mtu ndani. Ndivyo watoto wanavyojua, na ndivyo watu wazima wanavyokubali wenyewe. Atakayemvua mbele ya watu amemuua, na mji mzima utamnunia. Tena haoni zaidi ya hatua mbili, lazima aongozwe kwa mkono, na kazi hiyo ilikuwa ya Chizuru. Akibana mara moja, twende. Mara mbili, maji. Mara tatu, nitoe. Kwa miaka minne hakuwahi kubana mara tatu.

"Leo mkono nashika mimi," Tatsuo alisema. "Wewe kaa na simu, soma maoni ya watu."

"Kwa nini?"

"Unamdekeza. Wimbo ukiisha maji, wimbo ukiisha maji. Boga gani hilo?"

Chizuru alibaki na simu mkononi, roho haimtulii. Jukwaa lilikuwa uwanjani, mbele ya soko, bila kivuli. Watoto walikuwa wamejaa mbele na feni zao za karatasi.

Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili pia. Baada ya wa tatu Tatsuo akamwongoza Dombocha mpaka ukingoni awapungie watoto. Chizuru aliona glavu ya rangi ya chungwa imeung'ang'ania mkono wa Tatsuo, na Tatsuo anatabasamu, anamrudisha kwenye ngoma.

Wimbo wa nne, mkono wa kushoto ukaanza kuchelewa.

"Dombocha leo kalewa?" mtu aliandika kwenye simu.

"Hahaha, boga limeiva!" akaandika mwingine.

Chizuru hakucheka. Alimfuata Tatsuo nyuma ya spika.

"Mtoe!"

"Bado mbili. Tumefika elfu arobaini na nane!"

"Alikubana mkono?"

"Alibanabana huko, si anafuata mdundo."

"Mara ngapi?"

"Nitajuaje? Tatu, nne... Chizuru! Wee Chizuru, rudi!"

Alikuwa ameshapanda jukwaani. Fimbo moja ilikuwa imeanguka, ile nyingine inagonga hewa. Watoto walimshangilia wakidhani ni sehemu ya mchezo. Aliingiza vidole chini ya shingo ya boga, akavuta.

Uwanja mzima ukapiga kelele.

Uso wa Kohei ulikuwa mwekundu, macho yamegeuka, na hakuwa na hata tone la jasho. Hilo ndilo lililomtisha. Mtu aliyelowa jasho ana afadhali.

"Barafu! Wauza matango, leteni barafu! Mnatazama nini?"

Wakaja wakikimbia na makreti ya barafu wanamopozea matango. Mama mmoja alikuwa anamziba mwanawe macho, huku anamtukana Chizuru.

*

Kohei aliamka hospitalini siku ya pili. Neno lake la kwanza halikuwa jina la mtu.

"Kamera ilikuwa inawaka?"

"Ilikuwa inawaka."

Akageuzia uso ukutani. "Ungesubiri wimbo uishe, Chizu. Miaka minne. Umewaliza watoto."

"Wimbo ulikuwa umebaki dakika nne. Daktari anasema wewe ulikuwa huna hata mbili."

Chizuru alitoka, akaenda koridoni akalia peke yake, maana simu yake ilikuwa inamiminiwa matusi tangu asubuhi, muuaji, mwanamke mwenye wivu, na Kohei, ambaye yeye ndiye aliyemwokoa, hakuwa amesema hata asante.

Ijumaa Kohei alipokea ujumbe: "Dombocha hajambo. Jumapili atapiga kama kawaida. Wewe pumzika. Usimwambie mtu yeyote ulikuwa unafanya kazi gani, mkataba unaujua. Tatsuo."

Jumapili mchana waliliangalia onyesho kwenye simu ya Chizuru. Boga lilikuwa lilelile, kofia ileile, Tatsuo ameshika mkono. Dombocha akakaa, akaanza kupiga.

"Ni nani huyo?" Kohei aliuliza.

"Sijui."

Alitazama kidogo, halafu akainuka ghafla mpaka mpira wa dripu ukavutika.

"Huu wimbo hatujautoa. Nimeurekodi mwenyewe chumbani, nikampa Tatsuo tu. Mimi nilihangaika nao miezi minne! Huyu anaupiga hakosei."

"Labda kajifunza wiki hii."

"Kwa siku sita? Haiwezekani. Huyu amefundishwa tangu majira ya baridi."

Chizuru akaisogeza simu karibu.

"Kumbe Tatsuo alikuwa naye tayari," Kohei alisema polepole. "Anatoa feni, mbadala wangu yuko tayari. Nambana mkono, mbadala wangu yuko tayari. Chizu, kwake ilikuwa sawa tu nisiporudi."

Akapiga simu. Kwenye kioo cha simu ya Chizuru walimwona Tatsuo anapokea, mkono mmoja sikioni.

"Kohei, sipigiwi sasa, tuko mubashara."

"Huyo ndani ana feni?"

"Ndani hakuna mtu," Tatsuo akasema, akakata.

Kohei aliitupa simu kitandani. Kisha akajifuta uso kwa shuka.

"Nirekodi."

"Bila kitu kichwani?"

"Bila kitu. Haraka, anaanza wimbo wa tatu."

Chizuru akaiokota simu ya Kohei. Kohei aliitazama kamera, nywele zimesimama, midomo imebanduka ngozi.

"Naitwa Kohei Hirasuna. Kwa miaka minne mimi ndiye nilikuwa ndani ya Dombocha. Wiki iliyopita nusura nife humo, nikaomba nitolewe, sikutolewa. Dada anayetukanwa ndiye aliyeniokoa. Mnaosikia hapo uwanjani, kuna mtu ndani sasa hivi. Mwambieni avue."

Chizuru akaitupia video kwenye ukurasa wa mashabiki, zikapita dakika tatu. Waliona watu uwanjani wanainamia simu, mmoja, watatu, safu nzima. Halafu sauti nyembamba ya mtoto ikasikika juu ya ngoma.

"Dombocha, vua!"

"Vua! Vua kichwa!" watoto wengine wakaitikia, mpaka ngoma haikusikika tena.

Dombocha alisimamisha fimbo. Tatsuo alijitosa mbele akakishika kile kichwa kwa mikono miwili, akikikandamiza chini, akicheka na kamera. Mikono ya rangi ya chungwa ikamsukuma kifuani. Boga likang'oka.

Alikuwa msichana. Nywele zimemganda usoni, mdomo wazi, anahema kama aliyetolewa majini. Alisema kitu kimoja tu, "Maji," kisha picha ikakatika.

Kohei alikuwa analia waziwazi.

"Nisamehe, Chizu. Nilikununia wewe, nikamwacha Tatsuo."

"Nimekusikia. Lala chini, damu inatoka mkononi."

"Sina kazi tena. Mji mzima utanichukia. Bado unanitaka?"

"Nilikutaka hujawa boga, mjinga wewe."

*

Walijaza karatasi ya ndoa siku ya Alhamisi, kwenye kaunta ya ofisi ya mji. Asubuhi hiyo tangazo la Tatsuo lilikuwa limeshatoka: anatafutwa mpiga ngoma, mwembamba, asiyeogopa joto. Watu mia mbili walikuwa wameshaomba.

Karatasi ilihitaji mashahidi wawili. Wa kwanza alikuwa muuza matango. Wa pili alikuwa yule msichana, Minori, wa miaka kumi na tisa, ambaye midomo yake ilikuwa bado imepasuka.

"Niandike jina langu la kweli?" aliuliza, kalamu imesimama hewani. "Kaka Tatsuo alinikataza kulitaja popote."

"La kweli, mdogo wangu," Chizuru alimwambia. "Lote."

Minori akainama, akaliandika polepole.